Mkwe Kwenye Bustani za Maji

Amiens, 6 Aprili 1973

Mama mkwe,

Shikamoo. Mimi ni Edwige, mke wa Firmin. Jina langu unalijua, lakini mwandiko wangu huujui, na sikutaka ufungue bahasha ukadhani ni mambo ya serikali.

Firmin hajui kwamba nakuandikia. Amepeleka treni Boulogne, nami nimekaa dirishani na kikaragosi mapajani, maana kazi yangu ni kuwashonea nguo vikaragosi wa jumba dogo la michezo hapa mtaani kwetu Saint-Leu. Huyu wa leo ni askari. Suruali inamkataa.

Mwaka wa pili huu tangu tuoane. Hukuja harusini, na leo sikuandikii kukuuliza kwa nini. Nakuandikia kwa sababu kila theluji ya huko mlimani inapotajwa redioni, Firmin anaweka uma chini na hali tena. Anafikiri sioni. Anakuwaza peke yako na wale ng'ombe, njia zimefungwa na theluji, na hakuna wa kukusikia ukiita.

Njoo utuone. Hata kwa siku moja tu. Amiens mwezi wa Mei inapendeza, na ukija ukaona haipendezi, utasema, nami nitanyamaza.

Mkwe wako,
Edwige


Les Fajoux, 19 Aprili 1973

Bi Edwige,

Barua imefika. Tarishi alisimama mlangoni akingoja niisome mbele yake, nikamfungia mlango.

Kwa nini sikuja harusini, sababu unaijua. Mwanangu aliacha zizi zima la ng'ombe na mama mmoja akaenda kuendesha treni za watu. Na redio msiisikilize sana. Theluji sisi hapa tunaikanyaga.

Binamu yangu aliye sista huko Lille anatimiza miaka hamsini ya utawa, na nisipokwenda atanitaja kwenye sala zake mpaka kiama. Treni inapita kwenu. Nitashuka Jumamosi ya tarehe 26 Mei asubuhi, jioni naendelea na safari. Ng'ombe nitamwachia jirani, na tayari najuta.

Usinitafutie teksi, miguu ninayo. Sili samaki wa mtoni. Na usinipeleke mahali pa kupanda ngazi ili tukatazame chini. Mimi naishi juu, chini nimeshakuona.

Honorine Vayssade


Amiens, 3 Mei 1973

Mama mkwe,

Nimemsomea Firmin barua yako. Akainuka pale pale akaenda kupiga rangi mlango wa choo. Kwa mtu anayemjua, hiyo ni furaha kubwa.

Hatutapanda ngazi. Tutaanzia sokoni, kisha kanisa kuu, kisha chakula. Mchana baba yangu, Anselme Duflos, atakuzungusha kwa mtumbwi kwenye bustani zetu za maji, vile visiwa vya mto wa Somme ambako amelima mboga maisha yake yote. Ni mjane. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Sikio lake la kushoto halisikii, na la kulia linasikia linalotaka. Akikosea neno, msamehe.

Jioni tutakwenda kuwaona vikaragosi. Gauni la binti mfalme nimelishona mimi, lina shanga mpaka kwenye pindo. Hilo ndilo ninalotaka ulione kuliko yote.

Edwige


Amiens, 28 Mei 1973

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini ulifika Lille salama, na sketi ilikauka njiani.

Tangu Jumamosi sina raha. Firmin ananiuliza siku ilikwendaje, namwambia nzuri, kisha naingia jikoni nasugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa.

Nianze na yeye. Aliapa kwamba atakuwepo stesheni. Alfajiri wakamwita: mwenzake kaugua, treni ya Calais haina dereva. Alitoka nyumbani akiwa kama mtoto aliyenyang'anywa sikukuu. Ndiyo maana ulishuka ukanikuta mimi tu, nimeshika maua nisijue niyaweke wapi, na neno lako la kwanza likawa, "Wewe ndiye? Nilidhani utakuwa mrefu."

Hata hivyo asubuhi yetu mimi niliipenda. Sokoni ulimwambia yule mzee kwamba kabichi zake zimenuna, akakukubalia! Na Zélie muuza jibini alipokuonjesha kipande, ukamuuliza, "Hii imewahi kumwona ng'ombe kweli?" Watu wote walicheka, na Zélie mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Kwenye mlango wa kanisa kuu nikakuonyesha Mtakatifu Firmin wa jiwe, mlinzi wa mji huu. Ukamtazama toka kofia hadi miguu, ukasema, "Huyu naye alimwacha mama yake?" Mlinzi wa kanisa alitukodolea macho kwa kicheko changu. Lakini mle ndani, ulipofika kwenye ule mzingile wa mawe meusi na meupe sakafuni, ulivua viatu ukaufuata wote, kona kwa kona, mpaka katikati. Watalii wakakupisha. Sikukuuliza ulikuwa ukiomba nini.

Na chakula! Uliapa utakula nusu. Chapati za maji za kwetu, zile zinazokunjiwa nyama ya nguruwe na uyoga, zikamwagiwa krimu na kupigwa moto hadi zigeuke rangi, ulizimaliza, sahani ikarudi kama imeoshwa. Keki ya mayai ilipoletwa, imesimama kama mnara, ukasema kumbe kuna kitu kirefu mjini hapa kuliko mkweo. Nilianza kuamini kwamba tunaelewana.

Halafu tukaenda kwa baba, na hapo mambo yakaharibika.

Mtumbwi ulikuwa umejaa masanduku ya letisi, nafasi ya watu wawili tu. Nikasema nendeni, zungukeni kidogo, mimi nitawangoja gatini. Hicho kidogo kikawa alasiri nzima. Nilikaa pale mpaka nikazila biskuti zote za lozi nilizokununulia uwapelekee masista. Mliporudi, wewe umelowa hadi kiunoni, baba hana kofia, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikauliza, "Kulikoni?" Baba akasema, "Tope." Wewe ukasema, "Treni yangu iko wapi?" Vikaragosi hukuwataka tena. Ukapanda treni ya mapema, hata mkono wa kwaheri ukanipa wa haraka haraka.

Mama, alikutukana? Niambie. Nimemgombeza, nimemwambia amenivunjia siku niliyoipanga kwa miezi. Alichonijibu ni, "Mkwe ana nguvu." Ndiyo nini hiyo?

Naomba radhi kwa niaba yake.

Edwige


Les Fajoux, 10 Juni 1973

Edwige,

Marahaba. Usimwombee mtu radhi ambayo hajaiagiza. Hakuna aliyenitukana. Niliteleza, maji yenu ni ya baridi, baba yako akanivuta, kofia yake ikaenda na mto. Basi. Sketi imekauka.

Nikisema nilidhani utakuwa mrefu, si tusi. Firmin aliniandikia habari zako kwa maneno makubwa makubwa hata nikategemea kushuka stesheni nikute jitu. Ulivyokuwa umesimama na yale maua, nilitamani nikupokee wewe pamoja na maua yenyewe, lakini mikono yangu ilikuwa na vikapu, na mdomo wangu una mazoea yake.

Kwenye mzingile sikuomba kitu. Nilitaka tu kuona kama mtu anaweza kugeuzwa geuzwa kiasi kile na bado akafika. Kumbe anafika.

Chapati zenu nimejaribu kuzipika. Uyoga wetu ni bora kuliko wenu. Krimu yetu pia. Chapati zenyewe zimenishinda, zinakuwa kama ngozi ya ngoma. Nieleze unga unaupumzisha kwa muda gani.

Gauni la binti mfalme sikuliona, na hilo linaniuma kweli. Nichoree. Sitaki mchoro wa haraka, nichoree na shanga zake.

Na kwa kuuliza tu: baba yako jioni anakula kwako au anajipikia? Amepata kofia nyingine? Na kile kikohozi, ni cha vumbi la mbegu au ni cha kifua? Nauliza kwa adabu, kwa kuwa alinivuta.

Honorine


Amiens, 2 Julai 1973

Mama,

Umenituliza. Mchoro huo hapo, shanga nimezitia moja moja. Unga upumzishe mpaka uoge, uvae, na ugombane na jirani, ndipo upike.

Baba aliomba anwani yako. Nikamwambia safi sana, hata kama hamkugombana, mtu aliyemwangusha mkwe mtoni hana budi kuandika. Aliandika? Asipokuwa ameandika niambie nimkumbushe.

Sasa nina jambo la kukushirikisha, na sina mwingine. Firmin nikimwambia atacheka.

Baba amebadilika. Ananyoa ndevu kila siku, hata siku za kutoa tope mifereji, ambazo mtu hata uso hanawi. Amenunua kofia mpya ya majani, akaniuliza kama inamfanya aonekane mzee. Ana miaka sitini na nane! Nyimbo anazoimba alfajiri zinasikika kisiwa cha tatu, wenzake wananipa pole. Na jibini. Baba ambaye maisha yake yote alisema jibini ni maziwa yaliyochelewa, sasa kila Jumamosi yuko kwa Zélie, anabeba pande zima kifuani kama mtoto mchanga.

Umeshaelewa. Ni Zélie. Mjane, mchangamfu, ana meno yote. Jumamosi iliyopita nilimpita bila salamu.

Mama, sisemi kwamba ni mwanamke mbaya. Lakini ile nyumba ndogo ya kisiwani mama yangu aliipaka chokaa mwenyewe kila kipupwe kilipokwisha. Waridi la mlangoni alilipanda mwaka niliozaliwa mimi. Siwezi kuingia mle nikamkuta mwingine anakoroga supu. Nikifikiria tu, sindano inanichoma.

Wewe ni mtu wa msimamo. Uliwahi kuikataa ndoa ya watu, nami ndiye niliyekataliwa, kwa hiyo najua ulivyoifanya kazi vizuri. Nakuomba unifundishe. Nisemeje ili baba aachane na mwanamke huyo?

Mwanao,
Edwige


Les Fajoux, 11 Julai 1973

Mwanangu Edwige,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Karatasi zilizoharibika nimewashia jiko.

Kuikataa ndoa ya watu ni kazi rahisi. Siku ya harusi yenu nilikaa jikoni nikamenya viazi vya kulisha ukumbi, na nyumbani niko peke yangu. Ndivyo inavyofanywa. Ndoa ikafungwa bila mimi, viazi nikawapa nguruwe.

Lakini kwa hili la baba yako siwezi kukufundisha. Zélie hana kosa, msalimie. Ile jibini anayoibeba kifuani inatoka kwetu mlimani. Mwanamke unayemtafuta ni mimi.

Kaa kitako nikueleze alasiri ile.

Tulipopita daraja la kwanza nilimuuliza jambo, hakusikia. Nikarudia. Akasema, "Mkwe, hamia huku, sikio zima liko upande huu." Nikahamia. Mtumbwi ukalala ubavu, bata wakaruka, naye akasema, "Kumbe mlima nao unahama!" Nilijiandaa kukasirika. Badala yake nikacheka, na kicheko kilipotoka sikukijua kuwa ni changu.

Kisiwani kwake akang'oa figili, akazisuuza mtoni, akatoa mkate, siagi na chumvi kwenye kopo. Tukala tumekaa juu ya sanduku, chini ya waridi la mama yako. Alinitajia jina lake, Blanche. Akaniambia mkewe alivyokuwa akizigombeza mboga zake za liki zisimame wima, nazo zinasimama. Nami nikamweleza juu ya Marcelin wangu, ambaye alikuwa akiwasimulia ng'ombe habari za gazeti. Hakumficha mkewe, nami sikumficha mume wangu. Tulikaa pale wote wanne, tukala figili. Kwa kuwa hasikii vizuri, mambo ambayo sijawahi kumnong'oneza mtu nilimpigia kelele sikioni. Bata wa Amiens wote wanazijua siri zangu.

Kisha akaniuliza, "Ukiugua, nani anakamua?"

Nikasema, "Mimi."

"Na ukiugua sana?"

"Mimi, polepole."

Hakuniambia pole. Hakuniambia niuze ng'ombe. Alinikatia kipande kingine cha mkate, akakipaka siagi mpaka pembeni kabisa. Tangu Marcelin afe kila mtu amekuja kuniambia la kufanya. Kuniuliza, hakuna aliyeniuliza.

Wakati wa kurudi nikataka kushika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Akasema, "Mkwe, hii si kuswaga ng'ombe." Nikamwambia anipe. Upondo ukakwama kwenye tope, mtumbwi ukaenda zake, mimi nikabaki nimeukumbatia upondo katikati ya mto kama paka juu ya mti. Alipokuja kunivuta kofia ikamtoka, akaanguka magoti, tukacheka hata hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake. Tulipokunja kona tukakuona gatini na ule uso, tukanyamaza kama watoto waliokutwa na sukari. Nilikimbilia treni kwa sababu niliogopa uso wangu utasema. Nina miaka sitini na nne, Edwige. Nilidhani hiyo sehemu ya moyo imeshafungwa kwa msimu.

Baba yako aliandika. Anaandika kila wiki. Ameniomba nihamie huko kabla theluji haijaanguka, tufunge ndoa. Sijamjibu, na sitamjibu kabla yako. Nyumba ile ni ya mama yako kwanza. Ukisema hapana, ni hapana, na sitakununia.

Honorine


Les Fajoux, 20 Agosti 1973

Edwige,

Tarishi anapita, hasimami. Sikulaumu. Ungekuwa mwepesi wa kujibu ningeshangaa.

Nimemwandikia baba yako kwamba tuache. Usimwonee hasira, hakunidanganya wala hakukudanganya. Alikuwa anangoja ruhusa yangu ya kukwambia, nami nilichelewa.

Nyasi tumekata, ni nzuri mwaka huu. Ng'ombe wazima. Firmin asijue. Chapati sasa nazipatia.

Honorine


Amiens, 1 Septemba 1973

Mama,

Barua yako ya Julai niliisoma mara moja, nikaitia kwenye kopo la vifungo nikafunika. Nilikasirika, tena sana. Nilikuandikia kukuomba ushauri dhidi yako mwenyewe, na tarishi akaubeba ujinga wangu mpaka mlimani! Nilipokwisha kuona aibu, nikaanza kumwonea mama yangu uchungu. Nilikaa nao wiki nzima, nikashona gauni la mchawi, halafu likatoka zuri kuliko la binti mfalme.

Kwa Zélie nilikwenda kuomba radhi. Alicheka mpaka mizani ikatikisika. "Baba yako? Mwanangu, yule anafika hapa anaiamkia jibini. Mimi hata hanioni."

Barua yako ya pili ilipokuja, nikaenda kisiwani. Nilimkuta anapalilia. Ndevu zimerudi, kofia mpya ameitundika kwenye mti wa kutishia ndege. Nikamwambia, "Baba, najua." Akasema, "Mkwe kasema tuache. Tumeacha." Nikamuuliza, "Na wewe unasemaje?" Akasema, "Nasema liki zinataka maji." Akaenda kuleta ndoo.

Nilimfuata nyuma mstari mzima. Nikamwambia sitatoka pale mpaka aniambie anachotaka, na sauti nilipaza, sikio lisisingiziwe. Akaweka ndoo chini.

"Nataka mtu wa kubishana naye asubuhi," akasema. "Mama yako tulibishana kila mwaka pa kupanda liki, na kila mwaka mimi ndiye niliyekosea. Sasa nazipanda ninapotaka. Edwige, hakuna raha."

Nikaanza kulia, katikati nikagundua nacheka. Kwa sababu nilimwona mama, mikono kiunoni, matope mpaka magotini, akimwambia kwamba ana akili ya konokono. Na nikakuona wewe pale pembeni yake unamuunga mkono. Mama, mngepatana ninyi wawili. Mngemmaliza.

Jioni nikamwambia Firmin. Alikuwa anakula supu. Akasema, "Mama? Mama yangu? Na baba yako?" Nikasema ndiyo. "Mama huyu wa Les Fajoux?" Nikamuuliza ana wengine wangapi. Alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akaondoka mezani akaenda kusimama dirishani na mgongo wake mpana, nikaona mabega yanatikisika, na hakikuwa kicheko tena. Miaka yote hii, Mama, kila tarishi alipopiga hodi wakati wa baridi, alidhani ni habari yako. Hakuwahi kuniambia mpaka jana. Alirudi mezani akamaliza supu ikiwa baridi, akauliza nani atamweleza padri kwamba yeye na mimi sasa tutakuwa kaka na dada.

Ng'ombe zungumza na jirani yako, utaamua mwenyewe, mimi si mtu wa kukwambia la kufanya. Jikoni kwa mama utaingia. Ukuta wa chokaa tutaupaka pamoja, nami nitakuonyesha alivyokuwa anaichanganya, maana alikuwa na namna yake. Siku nyingine nitakuja nimenuna bila sababu. Siku hizo unipe kazi ya kufanya.

Leo ni Jumamosi. Alfajiri nilikwenda na baba kupeleka mboga sokoni, mtumbwi umejaa hadi kwenye kingo. Nilingoja tukae sawa katikati ya mfereji, nikamwambia, "Mwandikie aje."

Mkono wake ukakosea. Mzee aliyeshika upondo tangu akiwa na kaptura, mtumbwi ukamzunguka kama jani, nyuma ikawa mbele, nyanya zikaanza kuviringika. Kutoka bustani ya pili mtu akapiga kelele, "Anselme! Umelewa na jua halijatoka?"

Baba akavua kofia, ile mpya aliyokwisha kuirudisha kichwani. Akajibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utoto wangu, "Naoa!"

"Unafanya nini?"

"Naoa, kiziwi wee!"

Basi tukasikia habari inaruka ua kwa ua, kisiwa kwa kisiwa, mbele yetu: Anselme anaoa, Anselme wa liki anaoa, kuna aliyegonga ndoo, kuna mama aliyeturushia maua ya dalia mengi mpaka yakafunika karoti. Sisi tulikuwa bado tunahangaika kuugeuza mtumbwi. Tulipofika sokoni, mji ulishatutangulia kujua. Yule mzee wa kabichi akanishika mkono akaniuliza bibi harusi ni nani.

Nikamwambia, "Mama mkwe wangu."

Akaniomba nirudie. Nikapanda juu ya sanduku la letisi, mimi mfupi huyu, nikarudia kwa soko zima.

Mwanao,
Edwige